UZI MAALUMU: Vichaka vya chini ya mikaratusi, kusini-mashariki mwa Australia (kuvitambua, kuotesha, kupanda)

Mkasi_Mkali #1

Wakuu, habari za leo. Maswali ya vichaka vya asili vya huku yametapakaa kila mahali, mtu anauliza mbegu anajibiwa mbolea. Tuyaweke hapa pamoja. Tunazungumzia Victoria, kusini mwa New South Wales na Tasmania tu. Misitu ya joto ya Queensland ni habari nyingine kabisa.

Tuanze na mahali penyewe. Huku ni mbali kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita upande wa kaskazini. Mteremko unaotazama kaskazini unapigwa jua na kukauka. Unaotazama kusini una kivuli na unyevu. Pale Dandenong Ranges au Kinglake, vilima vya karibu na Melbourne, ukivuka mgongo wa kilima tu umeshabadilisha msitu. Upande mkavu kuna mikaratusi ya kimo cha wastani, chini yake Banksia marginata, Hakea, Epacris impressa, Correa reflexa, Bursaria spinosa, na lile kundi la jamii ya kunde lenye maua ya njano yenye wekundu: Pultenaea, Daviesia, Dillwynia, Platylobium. Upande wenye unyevu, juu kuna Eucalyptus regnans inayoweza kupita mita 80, chini yake vichaka vya majani mapana: Olearia argophylla, Bedfordia arborescens, Pomaderris aspera, Prostanthera lasianthos, na Coprosma quadrifida yenye miiba. Ukiletewa orodha ya kupanda inayochanganya makundi hayo mawili kwenye mteremko mmoja, irudishe ilikotoka.

Halafu kuna moto, na hapa ndipo wengi wanapokwama kitaluni. Kila kichaka kina namna yake ya kuuvuka moto, na namna hiyo ndiyo inayokuambia mbegu yake utaiamshaje. Akasia na jamaa zake wa kunde hutunza mbegu ardhini miaka mingi zikiwa na ganda lisilopitisha maji. Joto la moto likishuka sentimita chache kwenye udongo, ganda linapasuka. Hizo zinataka maji ya moto. Banksia na Hakea hutunza mbegu juu, ndani ya vikasha vya mti mgumu: hizo zinataka tanuri, au kukatwa tu. Epacris na wengi wa aina yake huamshwa na moshi. Na jamii ya alizeti, yaani Olearia na Cassinia, hawana siri: mbegu mbichi, nyepesi, juu ya udongo, basi.

Anayeotesha bila kujua kichaka chake kiko kundi gani atamwagilia trei miezi sita akisubiri muujiza.

Kokwa #2

Asante mkuu kwa kufungua. Nina mbegu za Acacia pycnantha na Indigofera australis. Nimesoma pahala nizichemshe dakika tano. Ni kweli?

Mkasi_Mkali #3

Usichemshe! Ukiziacha kwenye sufuria jikoni dakika tano, nyingi zitakuwa zimeiva. Chemsha maji peke yake, ondoa motoni, subiri kama dakika moja, kisha mimina juu ya mbegu zilizo kwenye kikombe. Maji yawe mengi, mara kumi ya ujazo wa mbegu, ili yasipoe upesi. Ziache humo hadi kesho yake.

Asubuhi zitazame. Zilizokubali zimevimba karibu mara mbili, ganda limekuwa laini na limepoteza mng'aro. Hizo panda siku hiyohiyo, zikikauka tena zimekwisha. Zilizobaki ndogo na ngumu kama kokoto zirudishie maji ya moto mara ya pili. Zikikataa tena, zikwaruze moja moja kwa msasa upande ulio mkabala na kitovu cha mbegu, pale ilipokuwa imeshikana na ganda la tunda. Ukikwaruza kitovuni unaua kiinitete.

Kina cha kufukia kisizidi unene wa mbegu yenyewe. Utaona miche kati ya wiki moja na nne. Pomaderris pia inafuata njia hii, ingawa si jamii ya kunde.

Mtunza_Miche #4

Naongeza kwa Kokwa. Akasia ina mzizi mkuu wenye haraka, mara nyingi unafika chini ya trei wakati juu kuna majani mawili tu. Ihamishe mapema, ikiwa na jani lake la kwanza la kweli, kwenye kiriba kirefu na chembamba: upana sentimita 5, kina sentimita 12 hivi, chini pawe wazi na kikae juu ya waya ili ncha ya mzizi ikaushwe na hewa. Ukichelewa, mzizi unajikunja kama mkia wa nguruwe. Juu huoni kitu. Mche utapendeza, utapandwa, utakua miaka mitatu minne, halafu siku ya upepo unalala chini mzima mzima. Watu husema mchwa, kumbe ni kiriba.

Njombe_Juu #5

Wakuu, kwetu nyanda za juu Acacia mearnsii ndiyo miwati, tunaijua kwa magome na mkaa. Huko kwao nayo ni kichaka au mti? Na mnaitofautishaje na Acacia dealbata, maana picha zao mtandaoni ni zilezile?

Mkasi_Mkali #6

Huku ni ya katikati: kichaka kikubwa au mti mdogo, ya kwanza kuota baada ya moto au udongo kuchimbuliwa, na haiishi sana. Na hili litakufurahisha: jina la mearnsii lilitolewa mwaka 1925 na De Wildeman kutokana na mti uliopandwa Afrika Mashariki, alikouchukulia sampuli Mmarekani Edgar Mearns. Mmea wa Australia, cheti chake cha kuzaliwa kimetoka kwenu.

Kutofautisha, chukua jani zima ulitazame upande wa juu, kwenye uti wake wa kati. Utaona vitone vidogo vilivyoinuka. Hizo ni tezi. Dealbata ina tezi moja pale tu jozi ya vitawi vya jani inapoungana na uti, imepangwa kwa nidhamu. Mearnsii ina tezi hapo na nyingine zimetawanyika katikati ya jozi bila mpangilio. Lenzi ya mkono ya mara kumi inatosha. Mengine ni ya kusaidia: dealbata ina rangi ya majivu ya fedha na huchanua mwisho wa baridi, kuanzia Julai, mearnsii ni kijani iliyokoza, maua yake ya njano hafifu huja Oktoba hadi Desemba, na ganda la tunda lake hubana kati ya mbegu na mbegu kama shanga.

Mkaa sina la kusema.

BiMwanaidi #7

Nasi tumewalipa: nyasi za Kikuyu zimetoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na leo ni gugu sugu linalofunika miche Australia. Mtu yeyote anayepanda vichaka hivi kando ya malisho aanze na hizo. Safisha duara la mita 1 kwa kila shimo wiki kadhaa kabla, rudia zikichipua, ndipo upande. Ukipanda kwanza ukasema utapalilia baadaye, mche wa Goodenia au Correa unafunikwa majira moja tu.

Kokwa #8

Shikamoo Bi Mwanaidi. Swali: mikunde inahitaji bakteria wa mizizi. Si ningechota tu udongo kidogo chini ya Pultenaea iliyokomaa msituni nikanyunyizia kwenye trei?

Mtunza_Miche #9

Ndiyo, wengi hufanya hivyo na miche inakuwa na rangi nzuri. Kijiko kimoja kwa trei kinatosha.

BiMwanaidi #10

Marahaba mwanangu. Lakini hapo kwa @Mtunza_Miche nasimama njiani, hilo msilifanye. Kwenye kijiko hicho unaweza kubeba Phytophthora cinnamomi, na ukishaiingiza kitaluni umeisambaza kila shamba unalouzia miche. Ni kiumbe kama kuvu, huogelea kwenye maji ya udongo kwa vijimbegu vyenye mikia, huingia ncha za mizizi na kuziozesha. Banksia, Epacris, Pultenaea, Daviesia na Xanthorrhoea ndio wa kwanza kufa. Dalili humdanganya mtu: mmea unanyauka kama una kiu ilhali udongo umelowa, mtu anaongeza maji, na maji ndiyo usafiri wa ugonjwa.

Bakteria wapo wa kununua, wa unga, waliochaguliwa kwa akasia na jamaa zake. Tena kitaluni chenye usafi miche mingi hupata mizizi yenye vinundu yenyewe bila kuongezewa chochote.

Taratibu zenyewe hizi hapa. Udongo wa viriba upashwe kwa mvuke hadi nyuzi 60 kwa dakika 30. Moto zaidi ya hapo unaua hata viumbe vyema na kuacha uwanja mtupu kwa wabaya. Miche isikae chini, ikae mezani, maji yanayoruka kutoka ardhini yasiifikie. Ukitoka msituni, kwanza kwangua tope lote kwenye viatu na majembe kwa brashi, halafu nyunyizia spiriti ya asilimia 70 mpaka ilowe, subiri dakika moja. Spiriti juu ya tope haifanyi kazi, inaosha uso tu. Na kama una hiari, ingia msituni siku kavu.

Dawa ya fosfiti ya kunyunyizia majani husaidia mmea kujikinga kwa muda. Haisafishi udongo. Anayekuambia inasafisha anauza dawa.

Mtunza_Miche #11

Nimekubali, Bi Mwanaidi. Mods wakiweza waongeze onyo kwenye #9.

Lulu_ya_Ziwa #12

Naomba msaada wa kutambua. Ile mikunde yenye maua ya njano na katikati nyekundu-kahawia, mimi yote naiona moja.

Mkasi_Mkali #13

Acha maua, dada. Maua yatakupotosha, yote yana bendera nyuma, mbawa mbili na mtumbwi chini, kama ua la kunde la nyumbani. Shika tawi.

Angalia pale jani linapotokea. Kukiwa na vijani viwili vidogo vya kahawia, vyembamba, vimebana shina kama makucha, una Pultenaea. Hakikisha kwa kugeuza ua: chini ya kikombe chake cha kijani kuna vijani vingine viwili vimekigusa. Kama pale shinani hakuna kitu kabisa, tafuta tunda. Daviesia ina ganda la pembetatu, kama kipande cha sambusa kilichobanwa. Hakuna mwingine msituni mwenye ganda hilo, na huwezi kukosa japo moja la mwaka jana limening'inia. Hakuna makucha na tunda si pembetatu? Tazama jani: jembamba, lina mfereji upande wa juu, na bendera ya ua ni pana kuliko urefu wake, hiyo ni Dillwynia. Majani yakiwa mawili mawili yanatazamana, na ganda la tunda ni bapa lenye ukingo mpana upande mmoja, ni Platylobium.

Kwa msitu wa unyevu tumia pua na kidole. Prostanthera lasianthos inanukia mnanaa na tawi changa lina pembe nne. Zieria arborescens ina vijani vitatu vitatu na harufu utakayoijutia. Olearia argophylla na Bedfordia zote ni nyeupe chini ya jani, lakini ya kwanza jani lake ni pana lenye meno pembeni na maua meupe. Bedfordia ina jani refu, chini limefunikwa sufi nzito kama blanketi, maua njano yasiyo na petali za pembeni. Pomaderris aspera ina mishipa iliyozama upande wa juu, ukipitisha kidole unaihesabu.

Lulu_ya_Ziwa #14

Sambusa! Hiyo sitaisahau. Na Epacris?

Mkasi_Mkali #15

Epacris impressa: majani madogo magumu yenye ncha inayochoma, maua kama mirija iliyojipanga upande mmoja wa fimbo, meupe, waridi au mekundu. Ya waridi ndiyo ua rasmi la Victoria tangu 1958. Kaza macho chini ya mrija: kuna vibonyeo vitano vidogo kuzunguka, kama alama za ncha za vidole kwenye udongo mbichi. Jina impressa limetokana na hivyo.

Mbegu zake ni vumbi. Usizifukie, zimwage juu ya mchanga laini, trei iweke kwenye beseni ipate maji kutoka chini. Moshi unasaidia sana.

Kokwa #16

Moshi unautia vipi? Nachoma majani chini ya trei?

BiMwanaidi #17

Baridi, mwanangu, moshi uwe umepoa. Washa majani makavu yaliyochanganywa na mabichi kwenye pipa lenye kifuniko, peleka moshi kwa bomba refu hadi kwenye hema au sanduku lenye trei zilizokwisha pandwa. Saa moja inatosha. Ukiweka mkono kwenye mdomo wa bomba usisikie joto. Baada ya hapo mwagilia kidogo kidogo siku za mwanzo, maana kinachofanya kazi kinayeyuka kwenye maji: kidogo kinaingia kwenye mbegu, kingi kinapita chini na kupotea.

Njia rahisi ni maji ya moshi ya kununua. Changanya sehemu 1 kwa maji 10, loweka mbegu saa 24. Habari ya moshi iligunduliwa Afrika Kusini mwaka 1990, na kemikali yenyewe ikabainishwa Australia Magharibi 2004. Sasa zinaitwa karikini. Kwa hiyo si ushirikina.

Njombe_Juu #18

Nilitaka kusema ushirikina kweli.

Tawi_Bichi #19

Mimi napita kwenye vipandikizi, kwa sababu Correa, Prostanthera na Goodenia ovata kwa mbegu ni kujisumbua.

Muda: Januari hadi Machi, machipukizi mapya yakianza kukomaa. Kunja tawi, likijikunja kama uzi bado changa, likivunjika kama njiti limezidi. Unataka linalokunjika halafu linarudi. Kata sentimita 7 hadi 10, chini kidogo ya kifundo, asubuhi, weka kwenye kitambaa kibichi. Ondoa majani theluthi mbili za chini. Kwangua gome upande mmoja wa kitako, sentimita moja tu, chovya kwenye homoni ya kuotesha mizizi, IBA, ya kiwango cha 3000 (sehemu kwa milioni), kung'uta inayozidi. Chomeka kwenye mchanganyiko wa perlaiti (chembe nyepesi za mwamba) sehemu 3 kwa koko (makapi ya nazi) sehemu 1. Tengeneza tundu kwanza kwa kijiti, ukisukuma tawi lenyewe homoni inabaki juu.

Goodenia inatoa mizizi wiki chache tu. Correa subiri wiki sita hadi nane, vuta polepole, likikataa kutoka limeshika. Kosa la kawaida ni ukungu mwingi wa maji kwa majani yenye manyoya. Correa na Bedfordia hushika maji kwenye manyoya na kuoza kuanzia juu. Punguza, fungua kifuniko mchana kidogo.

Prostanthera inaota upesi na kufa upesi, mizizi yake haivumilii udongo unaotuama. Bustanini watu huipandikiza juu ya shina la Westringia fruticosa na hapo inadumu.

Lulu_ya_Ziwa #20

Hapa kuna Banksia spinulosa kwenye chungu, majani mapya manjano, ncha kahawia kama zimeungua. Imepewa samadi ya kuku mwezi uliopita.

Mkasi_Mkali #21

Jibu umeliandika mwenyewe, dada. Udongo wa huku ni mzee na una fosforasi haba, kwa hiyo banksia, hakea, telopea na ndugu zao huota vishada vya mizizi midogo kama brashi ya chupa vya kuikamua. Hawana breki. Ukiwawekea samadi ya kuku au unga wa mifupa wanakunywa mpaka inakuwa sumu, na ziada hiyo inazuia madini ya chuma. Ndiyo njano ya majani mapya.

Hakuna cha kuivuta fosforasi itoke. Toa kwenye chungu, kung'uta udongo wa nje bila kuchanachana vishada, weka udongo mpya usio na mbolea, nyunyizia majani madini ya chuma yaliyofungwa kikemikali. Majani yaliyoungua hayaponi, tazama yatakayofuata. Baadaye tumia mbolea ya kuyeyuka polepole yenye fosforasi chini ya asilimia 3. Mimi ningebaki asilimia 1 au 2. Daviesia na Boronia nazo zina tabia hiyohiyo.

Mtunza_Miche #22

Kutu ya jamii ya mhadasi (ugonjwa wa kuvu) haijatajwa. Austropuccinia psidii, ilionekana New South Wales Aprili 2010. Inapiga Leptospermum, Kunzea, Melaleuca na Callistemon, kwenye machipukizi tu: unga wa njano kama manjano ya kupikia. Usiuguse, usivunje tawi, unga unasafiri kwenye nguo. Piga picha, ripoti kwa idara ya kilimo ya jimbo, kavue nguo uzifue kabla hujaingia kitalu kingine.

Njombe_Juu #23

Kupanda nje ni mwezi gani? Na mbegu zinaokotwa tu?

BiMwanaidi #24

Haziokotwi tu. Ardhi ya serikali inataka kibali, ya mtu binafsi inataka ruhusa yake. Chukua kutoka mimea mingi, kidogo kidogo, usimalize mti mmoja. Na uchukue za jirani na unapopanda. Kuwa "ya Australia" hakutoshi: Acacia baileyana ni mwenyeji wa eneo dogo la New South Wales, huku Victoria ni gugu linalozaa chotara na akasia za hapa. Pittosporum undulatum vilevile, imetoka kwenye makazi yake mashariki na sasa inatia giza misitu ya pembezoni mwa Melbourne.

Kupanda ni Aprili hadi Septemba, mvua ikiwepo; kwenye baridi kali subiri mwisho wa majira. Shimo liwe mara mbili ya upana wa kiriba, kuta zikwaruzwe kama ni mfinyanzi, ukiziacha laini mizizi huzunguka kama iko ndani ya chungu. Hakuna mbolea shimoni. Lita 5 za maji hata kama kunanyesha, ni za kuondoa mifuko ya hewa. Matandazo sentimita 5 hadi 7, yasiguse shina. Kinga ya plastiki kwa vijiti vitatu, kwa ajili ya sungura na wallaby (kama kangaruu mdogo). Bursaria iweke vichaka vitatu vinne pamoja, mita moja moja. Miiba ikishikana ndege wadogo wanajenga humo na paka hawaingii.

Kokwa #25

La mwisho wakuu. Koni za banksia nimeziweka tanurini nyuzi 120, saa moja, vikasha vimefunguka midomo. Ndani naona vipande vyeusi vigumu, navivuta haviji. Ndizo mbegu?

Mkasi_Mkali #26

Hapana. Kile kigumu cha katikati ni kitenganishi, kina umbo la mbegu ndiyo maana watu wengi hukipanda na kungoja. Loweka koni usiku mmoja, ianike ikauke, rudia mara mbili tatu. Koni ikivimba na kusinyaa kitenganishi kinatoka chenyewe, au kivute kwa kibanio. Mbegu ni mbili, nyembamba, zina ubawa kama karatasi, zimelala huku na huku ya hicho kitenganishi. Zipande zikiwa zimefunikwa kidogo tu.

Na koni za marginata usizingoje sana mtini. Nyingi hujifungua zenyewe zikikomaa, utafika ukute vikasha vitupu.